Mzee Lawama Aingizwa Kwenye Gemu

Habari ya maonyesho ya chuo ililetwa kijiweni na Mashine, kinyozi, mtu ambaye habari humfikia kabla hazijawafikia wenye nazo. Wala si uchawi. Mtu akishainamishwa kichwa, shingo wazi, chuma kinanguruma sikioni, husema hata ambayo hakuulizwa.

"Wakubwa zangu," alisema kabla hajakaa, "leo chuoni moto unawaka!"

"Zimamoto wameitwa?" aliuliza Mzee Lawama. "Maana wale ukiwaita, hufika majivu yamepoa."

"Si moto huo, mzee wangu. Wanafunzi wa mambo ya picha na kompyuta wanaonyesha kazi zao za mwisho wa mwaka. Nimemnyoa mmoja asubuhi hii. Yeye kapiga picha migongo."

"Migongo ya nini?"

"Ya watu. Watu wako kwenye foleni. Foleni ya benki, ya hospitali, ya bombani. Migongo mitupu ukutani, hakuna uso hata mmoja. Nikamuuliza, mwalimu wako kasemaje? Akanijibu, mwalimu kasema kazi ina kina."

"Kina!" Mzee Lawama aliteremsha kikombe kana kwamba kimemtukana. "Kisima kina kina. Mgongo wa mtu una kina gani?"

Hapo kijiweni palikuwa na mabenchi mawili chini ya upenu wa duka lililofungwa miaka mingi, birika la Shangazi muuza kahawa juu ya makaa, na mbele yake mfereji usio na mfuniko. Ng'ambo ya mfereji ndiko ilikokuwa karakana ya Mzee Lawama. Ukitaka kitanda, uruke. Wateja wanene walikwisha hamia kwa seremala mwingine.

Jina la Lawama hakupewa na wazazi. Alipewa na kijiwe, kwa kazi nzuri. Meza yake ikiyumba, alilaumu walioko juu: wameuza miti iliyonyooka, wametuachia mbao zenye kiburi. Mvua isiponyesha, wao. Ikinyesha, wao hao hao. Paka wa Shangazi alipozaa watoto, kila mmoja na rangi yake, mzee alitikisa kichwa akasema huko juu hakuna usimamizi. Alikuwa mgane, na shule aliiaga mapema, kabla haijamzoea. Lakini kwa kulaumu alikuwa profesa.

"Niwaambieni," alisema, akichomoa penseli nyuma ya sikio ili amnyooshee nayo Mashine. "Hawa watoto hawana kosa. Kosa ni la wanaopanga masomo. Mtoto akifundishwa kutengeneza mlango, kesho atakwenda kuwauliza kwa nini wao wamefunga wa kwao. Sasa wanamfundisha kupiga picha migongo, ili azoee kukaa nyuma! Mwaka ule mke wangu, Mungu amrehemu, alipokuwa ana..."

"Subiri kidogo, mzee," alikatiza Wakili. "Napinga."

Wakili aliuza viatu vya mtumba kwenye turubai pembeni ya benchi. Mahakamani aliwahi kuingia mara moja, kuulizia choo. Lakini kupinga kulikuwa damuni mwake. Ukimwambia habari za asubuhi, atakuuliza ushahidi uko wapi.

"Unapinga nini tena?"

"Napinga kwamba picha ya mgongo haina maana. Mimi mteja akinipa mgongo, naelewa kila kitu."

Kijiwe kizima kilicheka, na kauli ya Mzee Lawama kuhusu mwaka ule ikafa kama ilivyozoea kufa. Ilikuwa kama gari moshi ambalo kila mtu alijua linakoanzia, na hakuna aliyewahi kuliona likifika.

"Na wengine je?" aliuliza Shangazi akimimina.

"Mmoja amerekodi sauti. Unavaa vile vya masikioni, unasikia mtu anapiga pasi. Basi. Pasi inakwenda, pasi inarudi."

"Nguo inanyooka?"

"Nguo haionekani, Shangazi. Unaiwazia. Halafu kuna binti anajipiga video kila siku akijaribu kuamka mapema."

"Anaamka?"

"Hajafanikiwa bado. Ila ana wafuasi kibao!"

"Angekuwa mwanangu yule, ningemfuata mimi na ndoo ya maji baridi," alisema Shangazi.

Mashine aliinua mikono kuomba utulivu. Macho yalikuwa yanamng'aa kama ya mtu aliyeficha nyama mdomoni. "Hizo zote hazikuwa habari. Habari ni gemu. Gemu la mtaa wetu huu. Tumo humo sisi wote, na wanafunzi wenyewe wamenitilia kwenye simu. Na aliyelitengeneza ni binti yako, Mzee Lawama."

Mzee alirudisha penseli nyuma ya sikio. Alijua binti yake alikuwa na jambo. Miezi hiyo mwanga ulipenya chini ya mlango wake hadi watu waungwana wamelala. Siku moja alimuuliza, unafanya nini humo? Akajibiwa, nakuchora wewe, baba. Akadhani ni ile jeuri ya wasomi, akaenda zake kulala. Na jana tu binti alimpigia pasi shati la mikono mirefu, akalitundika kwenye msumari, akasema, "Kesho chuoni usichelewe, baba." Shati hilo alikuwa amelivaa sasa hivi, kola imesimama kama ya bwana harusi.

"Lete tuone," alisema, akijitahidi kuficha fahari. "Huenda kanichora nikiranda mbao."

Waliinamia simu ya Mashine, vichwa vikagongana.

Gemu lenyewe halikuwa na makuu. Msichana mdogo anatoka bombani na ndoo kichwani. Anatakiwa afike nyumbani maji hayajaisha. Ukibonyeza anakwenda, ukibonyeza zaidi anaruka, na kila anapotikisika maji yanamwagika. Njia, mabati, mfereji, turubai la viatu, vyote vilikuwa vyao.

"Huyo mimi!" Mashine alipiga kelele. Kinyozi wa kwenye gemu alikuwa ameweka kiti katikati ya njia, na kila msichana alipopita alimwuliza, "Umesikia?" Ukisimama kumjibu, maji yanapungua.

"Kakuweza," alisema Wakili, kisha akajiona yeye, mtu mwembamba mwenye kiatu kimoja mkononi, anayesema "Napinga!" kila msichana akitaka kuruka. "Hii sasa ni kashfa! Mimi si mwembamba hivi."

Shangazi alikuwa amechorwa akigawa kahawa inayoongeza nguvu. Aliikodolea macho picha yake. "Kiuno kanipa. Mtoto ana adabu yule."

Kisha ikaja ofisi ya mtaa. Mlango mwekundu, kibao kimeandikwa KIKAO KINAENDELEA, na mbele yake kizuizi kimelala njiani. Unagonga. Kimya. Unagonga. Kimya. Unagonga mpaka kidole kinaota joto, ndipo mlango unafunguka upenyo wa kutosha kupitisha mkono wenye kijiko cha chai, mkono unapunga, kizuizi kinapanda. Kijiwe kilicheka hadi birika likatetemeka.

"Binti ana akili!" alisema Mzee Lawama akipigapiga paja. "Hiyo ni damu yangu! Endelea, endelea, nyumbani si pale?"

Nyumbani palionekana kweli. Lakini kabla ya nyumbani palikuwa na uchochoro, na uchochoroni benchi, na kwenye benchi mzee mmoja mwenye mvi na penseli nyuma ya sikio. Miguu yake alikuwa ameinyoosha kutoka ukuta hadi ukuta. Msichana alipokaribia, mzee alikohoa, simu ikatoa sauti nzito ya kuigiza: "Haya yote, mwanangu, yameletwa na walioko juu..."

 Macho yalitoka kwenye simu, yakapanda taratibu, yakatua kwenye penseli ya Mzee Lawama.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, kwa puani. Wakili akafuata. Mashine, ambaye alikwisha ijua siri tangu asubuhi na alikuwa ameibana kama mtu aliyebana haja, alianguka chini akishika mbavu.

"Ruka miguu!" Wakili alinyakua simu. Akabonyeza. Miguu ya mzee ikainuka naye. "Pita chini!" Miguu ikashuka. "Zunguka!" Msichana akatumbukia mfereji. Walijaribu wote kwa zamu, wakibonyeza kama watu wanaokanda unga, na kila walivyobonyeza ndivyo maji yalivyomwagika na mzee alivyozidi kueleza habari za misitu. Mwisho ikawa ni ile ile. Ndoo tupu, na maandishi: UMEISHIWA MAJI. MZEE BADO ANAONGEA.

"Hii ni kweli tupu," alisema Mashine akifuta machozi. "Juzi nilitoka kwa mzee hapa, nikakuta mteja wangu nywele zimeota upya."

Mzee Lawama hakucheka. Kola ilikuwa imeanza kumkaba.

"Binti yangu wa kumzaa," alisema polepole. "Kanifanya gogo la njiani. Mlango wa ofisi unapitika. Mimi sipitiki."

"Utani tu, mzee wangu."

"Utani gani unaopelekwa chuoni kupewa alama? Maonyesho hayo wende wengine. Kama kwenye gemu lake mimi ni kikwazo, basi nitakaa hapa hapa nikwaze." Akafungua kifungo cha juu cha shati.

Hapo ndipo mtu mmoja aliporuka mfereji, akaruka vibaya, kiatu kimoja kikalamba tope. Kijiwe kiligeuka. Alikuwa afisa wa mtaa mwenyewe, Mheshimiwa, yule wa mlango mwekundu. Kumwona hapo mchana ilikuwa kama kumwona bundi sokoni akichagua nyanya.

"Mzee wangu!" alisema, akimshika Mzee Lawama mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekuja kukutetea."

"Mimi?"

"Wewe. Nimeliona hilo gemu. Nimeumia. Si kwa ajili yangu, mimi ni nani? Nimeumia kwa ajili yako, mzee mwenye heshima zake kuchorwa amejilaza njiani kama mbuzi."

"Na mlango mwekundu haukukuumiza hata kidogo?" aliuliza Shangazi.

Mheshimiwa alijifanya hakusikia. Kwa kazi hiyo alikuwa na uzoefu. "Nimempigia mkuu wa chuo. Kaniambia, ofisi haiwezi kudai imetukanwa na picha ya mlango. Lakini mtu aliye hai, aliyechorwa bila kuombwa, akisema kwa kinywa chake kwamba amedhalilishwa, kazi inaondolewa leo leo."

"Na aliyeitengeneza?" aliuliza Mashine.

"Atarudia mwaka. Ndiyo taratibu." Akamgeukia mzee, sauti ikalainika kama siagi juani. "Wewe neno moja tu. Nampigia, unasema, basi. Na huu mfereji wako nimeutazama. Nimeuona kwa macho yangu."

"Umeuona kwa kiatu chako," alisema Wakili.

"Tutaufunika. Mzee kama wewe hastahili wateja wake waruke kama panzi."

Mzee Lawama alikaa akimtazama. Miaka mingapi amekwenda ofisini kwa ajili ya mfereji huo! Amekaa kwenye kiti cha nje, kiti kibovu ambacho fundi yeyote angeona haya kukiacha hivyo, akaambiwa kesho, akaambiwa bajeti, akaambiwa Mheshimiwa ametoka sasa hivi kwa mlango wa nyuma. Leo Mheshimiwa kaja mwenyewe, kalowa, kamwita mzee wangu. Ilikuwa tamu. Angekuwa mwongo angesema haikuwa tamu. Na lile gogo la njiani bado lilikuwa linamchoma kifuani.

"Usithubutu," alisema Shangazi. "Mwaka mzima wa mtoto kwa sababu ya miguu ya katuni?"

"Napinga!" alisema Wakili. "Kisheria mzee ana haki. Kachorwa bila ridhaa. Kesi hii hata mimi ningeshinda."

"Wewe ulishinda kesi gani? Hata nzi wa kwenye viatu vyako wanakushinda!"

"Shangazi, wewe umepewa kiuno, huwezi kuwa shahidi huru!"

"Mashine, mwambie huyu!"

"Mimi mwenye habari sina upande," alisema Mashine. "Ila kama mzee atasema, aseme nikiwepo."

"Wazee wangu, muda, muda," alisema Mheshimiwa akitafuta namba.

Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, kila mmoja akipanda juu ya sauti ya mwenzake, na simu ya Mashine imesahauliwa juu ya benchi, gemu likiwa limeanza upya pale pale uchochoroni, msichana amesimama tena mbele ya miguu ya mzee. Safari hii hapakuwa na kidole cha kumsukuma. Shangazi ndiye aliyeona.

"Hebu nyamazeni! Kakaa chini!"

"Nani?"

"Huyo mtoto. Katua ndoo."

Kweli. Msichana alikuwa ameitua ndoo benchini na kukaa kando ya mzee, mikono mapajani. Maji hayamwagiki. Na ile sauti ya kuigiza, iliyokwisha maliza misitu, ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna aliyewahi kuifikisha:

"...Unadhani sijui kwamba nachosha watu? Najua. Zamani lawama zangu zilikuwa na pa kwenda, mwanangu. Nikirudi jioni nazimwaga zote jikoni kwa mama yako. Yeye anakoroga chungu chake, anacheka, ananiambia, 'Umemaliza? Haya, nawa mikono.' Zimeisha. Nalala mwepesi. Tangu alipoondoka sina pa kuzimwaga. Nazimwaga njiani, watu wanateleza."

Mzee wa kwenye gemu akakohoa, akaikunja miguu yake. Akasimama. "Samahani kwa kukuweka. Lete ndoo hiyo, utavunjika shingo." Akajitwika, wakaondoka wawili, na uchochoro ukawa mweupe.

Kahawa ilichemka ikamwagikia makaa bila mtu kuishughulikia.

Mzee Lawama aliyajua maneno yale. Yalikuwa yake, neno kwa neno, hata lile la kuteleza. Aliyasema jioni moja akiwa anapiga msasa droo ya kabati sebuleni, na binti yake kakaa pale pale, vile vidude vimeziba masikio, kichwa kinatikisika kwa muziki. Alikuwa na hakika anaongea na ukuta. Kumbe ukuta ulikuwa umezima muziki.

"Kwa hiyo," alisema Mashine kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, "siri ni kutobonyeza."

"Tungejuaje?" alisema Wakili. "Tangu lini hapa mtu akaachwa amalize?" Akagundua kwamba amekubali jambo, akaongeza haraka, "Ila napinga, hiyo si mbinu. Ni mateso."

"Halo! Halo, Mkuu!" Mheshimiwa alikuwa amepata namba. Aliweka sauti ya nje, akaielekeza simu yake kwa mzee kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Mzee mwenyewe huyu hapa. Ana uchungu sana."

"Shikamoo, mzee," simu ilisema. Mkuu wa chuo alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka na aliyezungukwa na kelele za vijana. "Nimeambiwa una malalamiko juu ya kazi ya binti yako. Ni kweli?"

"Marahaba. Ni kweli, ninayo."

Shangazi alijifunika uso kwa viganja. Mheshimiwa alitabasamu hadi jino la nyuma likaonekana.

"Yapo matatu," alisema Mzee Lawama, "na naomba nisikatizwe. Mahali nilipo sijawahi kumaliza sentensi."

"Endelea, mzee. Nasikiliza."

"La kwanza, kanichora mvi nyingi kuliko nilizonazo. Hilo nasamehe, atakuwa anatazama mbele. La pili, miguu. Mkuu, mimi ni mfupi. Miguu ile ni ya mtu mwingine, nadhani wa ukoo wa mama yake."

"Mzee, sema la kudhalilishwa," alinong'ona Mheshimiwa.

"Nakuja. La tatu ndilo kubwa. Binti yangu kasema uongo hadharani, tena mbele ya wasomi."

"Hilo! Hilo hasa!" Mheshimiwa alishindwa kujizuia.

"Uongo gani, mzee?"

"Ule mlango wa ofisi. Kwenye gemu lake ukiugonga sana unafunguka. Mkono unatoka, unapunga, kizuizi kinapanda, unapita. Mkuu, mimi mlango ule nimeugonga tangu mke wangu yu hai. Nimeugonga kwa ngumi. Mimi ni seremala, nina nyundo za kila namna. Haujapata kufunguka! Na kijiko cha chai sijakiona."

"Mzee wangu, mtandao naona..." Mheshimiwa aliinua kidole kuelekea kwenye kitufe chekundu.

"Mwache amalize!" simu ilifoka.

Kidole kikabaki hewani.

"Sasa, Mkuu, watu wa mbali wakilicheza watasema, loo, kumbe huko mtu akivumilia husikilizwa. Watahamia huku! Ni kuwadanganya wageni wa watu. Miguu yangu niachieni ilivyo, mvi niachieni. Lakini mwambie aufunge mlango ule. Aufunge kabisa, usifunguke hata mtu agonge mpaka azeeke. Nimemaliza."

 Simuni ilisikika kama mtu anakohoa, au anajifanya kukohoa, na nyuma yake vijana wakiulizana kuna nini.

"Tatizo ni moja, mzee," alisema Mkuu hatimaye. "Akiufunga kabisa, gemu halitachezeka."

"Ndivyo tunavyolicheza sisi kila siku, Mkuu."

Safari hii kicheko hakikuanzia puani. Kilipasuka pande zote mbili, kijiweni na ndani ya simu, hata mpita njia mmoja akasimama akacheka bila kujua anachekea nini. Mkuu aliporudi alisema kazi ya binti itabaki ukutani mahali pake, malalamiko yameandikwa kama yalivyo, na mwenye gemu alikuwa amesimama hapo hapo anasikiliza.

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Lawama upesi.

"Anasema miguu ni ya ukoo wako, amekutana na shangazi zako."

Simu ikakatwa. Mheshimiwa aliitia mfukoni, akajikung'uta vumbi ambalo hakuwa nalo.

"Na mfereji, Mheshimiwa?" Wakili aliuliza.

"Hilo," alisema Mheshimiwa, "tutalipeleka kikaoni." Akaruka. Kiatu cha pili nacho kikapata chake.

Walimsindikiza kwa macho hadi akapotea. Kisha, pole pole, kama watu waliokubaliana mapema, Mashine alikaa, mikono mapajani. Shangazi akaliondoa birika motoni lisipige kelele. Wakili akakunja turubai lake na kuketi juu yake. Wote wakamgeukia Mzee Lawama, midomo imefungwa.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. "Nini?"

Kimya.

"Mmeugua?"

"Tunasikiliza, mzee," alisema Mashine. "Sema mpaka mwisho. Hakuna atakayekukatiza."

Mzee Lawama alifungua mdomo. Akaufunga. Alitazama mfereji, akatazama juu, kwa walioko juu, akasugua shingo. Miaka yote alikuwa amezoea kuongea akisukumana na sauti nyingine, na sasa mbele yake palikuwa peupe kama uwanja wa shule siku ya likizo. Jasho likamtoka.

"Wakili," alisema, "pinga basi kitu!"

"Sipingi, mzee wangu."

"Shangazi, nitukane kidogo."

Shangazi alitikisa kichwa, machozi ya kicheko yakimlengalenga.

Mzee alisimama, akafunga kile kifungo cha juu, akaiweka kola sawa. "Basi inukeni twende chuoni," alisema. "Huko angalau kuna mtu anayejua kubishana na mimi."